Siku ya 31

(Maneno niliyosema mbele ya wafanyakazi wa mkonge na familia zao, wilayani Korogwe, siku ya Mei Mosi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa kuanika na wa brashi, vijana wa panga, watoto mliokaa hapa mbele kwenye turubai, habari za asubuhi. Na ninyi mliotoka Kasulu, Kibondo na Buhigwe, mwakeye.

Nimeombwa niseme juu ya haki za mfanyakazi aliyetoka mbali na kwao. Nitaanza na hiki nilichokishika. Mliokaa nyuma najua hamkioni, kwa hiyo nawaeleza: ni unyuzi mmoja wa singa, yaani nyuzi zinazotoka kwenye jani la mkonge. Umegeuka rangi kwa uzee, na umefungwa mafundo toka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa wa babu yangu, mzaa baba. Tuliukuta kwenye kopo la majani ya chai chini ya kitanda chake, matanga yalipoisha. Nimeyahesabu mafundo yake mara nyingi sana. Ni 31.

Vijana hamkukijua kipande, wazee mnakijua. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi ya siku, karani anakutilia alama kwenye chumba kimoja. Vyumba vyote vikijaa unapeleka kadi dirishani, unalipwa. Ulipewa siku 42 za kukijaza, kwa hiyo mwezi wa mtu wa mkonge haukuwa ule wa kalenda wala ule wa kuandama. Ulikuwa mwezi wa kipande. Mwezi wako uliisha karani aliposema umeisha.

Na kazi ya siku ilikuwa nini? Mnaokata mnaijua. Unakwenda kwenye mstari kabla jua halijatoka, unapunguza miiba ya ncha, unakata majani ya chini, unafunga mafungu ya majani 30, unayabeba kichwani au begani mpaka kwenye njia ya troli, unayapanga. Babu alisema kazi yake ilikuwa mafungu 70. Pigeni hesabu wenyewe: majani 2,100. Maji ya mkonge yanawasha mikono mpaka kwenye viwiko, na mwiba ukikuingia jichoni ndiyo umekwenda.

Siku moja nyapara alichukua fungu moja akalifungua. Akahesabu majani. Akakuta 28. Hakusema ongeza mawili, hakusema fungu hili silihesabu. Siku nzima ilikataliwa. Mafungu 70 yalipanda troli, yakaenda korona, ile mashine ya kusaga majani, yakasagwa, singa zikaanikwa, zikapigwa brashi, zikafungwa robota, robota likaenda bandarini Tanga. Kwenye kipande cha babu chumba kilibaki kitupu. Ikabidi akate siku nyingine moja ili alama zitimie 30.

Kipande chenyewe hatuna, maana kilirudishwa dirishani siku ya malipo. Kilichobaki ni huu uzi. Kila jioni alikuwa akifunga fundo moja, kwa kuwa hakujua kuandika. Karatasi ya shamba ilisema 30, uzi ukasema 31. Sijui kama aliwahi kumwonyesha mtu yeyote. Najua tu kwamba aliuhifadhi maisha yake yote.

Hilo ndilo nililokuja kusema leo, ndugu zangu, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Shida ya mtu aliyeajiriwa mbali na kwao inaanza hapa: nani anashika hesabu ya kazi yake.

Babu alitoka Buha, nchi ya Waha kule Kigoma, mwaka 1953. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu kijijini kwao haikuwa na mlango wa kuingilia. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyoanzishwa 1944, watu wakiiita Silabu. Huko akapimwa afya, akapewa blanketi, akalipiwa nauli, akapewa namba. Ndiyo asili ya neno manamba: watu wa namba. Reli ya Kati ilimchukua kutoka Kigoma, kisha akapandishwa lori, kwa sababu reli ya kuunganisha Ruvu na upande wetu huu haikuwepo mpaka 1963. Namba yake aliikumbuka hadi anafariki. Mwaka wake wa kuzaliwa alikuwa akikisia.

Mtoto mmoja shuleni kwangu aliniuliza swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima: mwalimu, kwa nini waliwafuata watu Kigoma wakati hapa Korogwe watu walikuwepo? Nikamwambia, walikuwepo, na walikuwa na mashamba. Mzigua, Mbondei na Msambaa alikuwa na mahindi yake na migomba yake karibu. Nyapara akimfokea Alhamisi, Ijumaa yuko nyumbani kwake. Wajerumani walikwisha kuliona hilo mapema, ndiyo maana mwaka 1907 huko Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, walianza kuwapa wenyeji kadi za kuwalazimisha kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Lakini mtu aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika hahitaji kulazimishwa kila siku. Ataondokaje? Hana nauli, hana shamba, hana mjomba wa kumkimbilia, na lugha ya hapa anaipapasa. Umbali wenyewe ndio uliokuwa ukuta wa kambi.

Kwa hiyo msinielewe vibaya nikisema mbali. Si kilomita tu. Ni kwamba mtu alichaguliwa kwa sababu hana pa kwenda. Waha, Wabena, Wamakonde kutoka Msumbiji, watu wa Rwanda na Burundi, walichaguliwa kwa sababu hiyo. Wakati wa Vita vya Pili, Wajapani walipoichukua Ufilipino na kisiwa cha Java, wakulima wa katani huko hawakuweza tena kuwauzia Waingereza na Wamarekani, na mkonge wa Tanganyika ukahitajika kwa kamba za meli na za jeshi. Serikali ya kikoloni ikaandikisha watu kwa lazima kwenda mashambani. Kamba zilizofunga meli za washindi zina jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Na angalieni jambo hili. Mkonge si mmea wa kwetu. Daktari Richard Hindorf, Mjerumani, aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Miche elfu moja ilisafirishwa kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Idadi hiyo tunaijua mpaka leo, tena kwa uhakika, miaka mia moja na thelathini baadaye, kwa sababu kila mche ulikuwa mali ya mtu aliyeshika kalamu. Miche 62 ina kumbukumbu. Siku ya 31 ya babu yangu haina.

Nisiseme kana kwamba watu walikaa kimya. Hawakukaa. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu, mkonge ndio uliokuwa na wafanyakazi wengi kuliko kazi nyingine nchini. Mwaka 1958 wakata mkonge wa Mazinde, hapa hapa jirani, waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Kukaa miezi miwili bila posho, kwenye kambi ya mwajiri, watoto wakilia njaa, si jambo dogo. Wazee wachache waliosikia habari za siku zile kwa wazazi wao bado wako nasi, waulizeni mapema.

Kisha zikaja kamba za plastiki. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000 za mkonge, na hakuna aliyetushinda duniani. Baada ya hapo bei zikaanguka, Azimio la Arusha la 1967 likafuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi, na mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 30,000. Korona zikanyamaza, njia za troli zikaota majani. Watu walioletwa kwa lori hawakupewa lori la kuwarudisha. Babu alibaki kambini, akalima bustani ya mchicha kando ya bomba lililokauka. Shamba lilipobadilisha mikono akaenda kuulizia kiinua mgongo. Akaambiwa jina lake halionekani kwenye madaftari. Baba yangu alimsindikiza siku hiyo, na aliniambia kwamba babu hakubishana. Alikuwa na uzi mfukoni, lakini hakuutoa. Angemwonyesha nani?

Sasa tuje kwetu, maana wengine mmeanza kusema hii ni hadithi ya zamani.

Mkonge umefufuka, na mimi nimefurahi. Mashamba yamepandwa upya, wakulima wadogo wana mkonge, nyumba za kambi zinapigwa chokaa. Na vijana wanaletwa tena. Kati ya wanaohudhuria darasa langu la jioni yupo kijana wa miaka 22. Simtaji jina, na shamba silitaji. Alifuatwa kijijini kwao na wakala, mtu wa kwao kabisa, akaambiwa nauli ni bure, nyumba ni bure, panga utapewa. Alipanda Fuso na wenzake. Mshahara wa kwanza alipopokea, nauli imekatwa, panga limekatwa, buti zimekatwa, godoro limekatwa. Kilichobaki alikimalizia kwenye duka la kambi, ambako alikuwa amekopa unga na maharage mwezi mzima kwa daftari la mwenye duka. Nikamwuliza, una karatasi ya mshahara? Hana. Una nakala ya mkataba? Alitia dole gumba kwenye karatasi getini usiku walipofika, wakaichukua. Deni la dukani je, unalo wapi? Liko kwa mwenye duka.

Mnaona? Mafungu aliyokata yako kwenye daftari la msimamizi. Makato yako kwenye daftari la ofisi. Deni liko kwenye daftari la duka. Watu watatu wanamjua kijana huyu kwa hesabu, yeye mwenyewe hana hata mstari mmoja. Amezidiwa na babu yangu, ambaye angalau alikuwa na uzi.

Akina mama wa brashi, na ninyi hali yenu nimeiona. Mama yangu mkubwa alifanya kazi hiyo. Jioni alikuwa anafika nyumbani nywele nyeupe, nyusi nyeupe, tunacheka watoto kwamba amezeeka kwa siku moja. Anakung'uta kanga nje, vumbi linapaa juani kama moshi. Alikohoa Jumatatu zaidi ya siku nyingine, hilo nakumbuka, kwa sababu Jumapili kikohozi kilikuwa kinapungua tukadhani amepona. Hakupewa cha kufunika pua zaidi ya kipande cha kanga yake mwenyewe. Kikohozi hicho hakikuandikwa popote kuwa ni cha kazini. Alipoacha kazi aliondoka nacho kama mali yake binafsi. Leo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unalipa mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini mfuko unauliza: uliajiriwa wapi, toka lini, ulifanya nini, uliumia siku gani, nani alijua? Hayo yote ni hesabu. Ukienda mikono mitupu unarudi mikono mitupu.

Sheria ipo, tena nzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi: jina, kazi, mahali, saa, malipo. Na imeweka jambo ambalo ningependa mlikariri kama mnavyokariri namba za simu: mkigombana kuhusu masharti ya kazi na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye. Siyo wako. Babu aliposimama dirishani, mzigo wote ulikuwa kichwani kwake. Sheria imeutua, ni sisi tu hatujajua kwamba umetuliwa.

Mshahara unatakiwa uje na maelezo ya maandishi yanayoonyesha umelipwa nini na umekatwa nini. Makato hayakatwi kwa mdomo. Ama sheria imeyaruhusu, ama wewe umekubali kwa maandishi. Buti na glovu ni vifaa vya usalama, na vifaa vya usalama ni gharama ya mwajiri.

Na ninyi wa mbali sikieni hili vizuri. Mkataba ukivunjika mahali ambako si pale ulipoajiriwa, mwajiri anatakiwa akurudishe wewe na mizigo yako, au akupe nauli, na akulipe ya kujikimu ukiwa unasubiri. Sasa tazama ujanja. Umefuatwa Kasulu, karatasi imeandikwa Korogwe getini usiku. Siku ya kuondoka utaambiwa wewe uliajiriwa hapa hapa, nauli ya nini? Lakini sheria hiyo inahesabu kuajiriwa tangu pale uliposhawishiwa na mwajiri au na wakala wake. Kijana, siku wakala anakuja kwenu, andika: tarehe, kijiji, jina lake, namba ya gari. Mpige picha na simu ukiweza, mkiwa mnapanda. Hilo ndilo fundo la kwanza.

Lipo pia la muda, nalo linatuumiza kuliko mengine. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko mengine ni siku 60. Mtu wa hapa hapa anaweza kujipanga. Mtu wa Kibondo anasema nirudi kwanza nyumbani nimwone mama, nitakuja kudai msimu ujao. Msimu ujao siku zimeshapita. Msipande basi kabla hamjafungua shauri. Chama cha wafanyakazi kina watu wa kuwasaidia kujaza fomu, na mimi pia mlango wangu mnaujua.

Kabla sijamaliza kuna neno kwa ndugu zangu wa Kigoma peke yetu, na wengine mtatusamehe mkisikia. Tunapenda kusimulia jinsi tulivyoitwa manamba, jinsi mabinti wa hapa walivyokatazwa kuolewa na sisi, jinsi Muha alivyotaniwa mpaka utani ukawa tusi. Ni kweli yote. Lakini kule kwetu, msimu wa kulima, tunawatumia Warundi wanaovuka mpaka. Wanalima mahindi yetu, wanalala kwenye vibanda vya shambani. Na wapo kati yetu, tunawajua kwa majina, ambao siku ya malipo ikifika wanamwambia Mrundi: ondoka, la sivyo nawaita uhamiaji. Mtu anakimbia usiku na jembe lake, ameacha jasho la miezi mitatu. Yule naye kachaguliwa kwa sababu hana pa kwenda. Nilipomsikia mjomba wangu mwenyewe akisimulia hilo kama ushindi, nilishindwa kula chakula chake. Nilimwambia, mjomba, uzi wa babu anao mtu mwingine sasa.

Basi. Mezani hapo pembeni, kwa mama anayeuza uji, kuna madaftari madogo 200. Wazazi na walimu wenzangu wamechanga, hayauzwi. Kila mfanyakazi achukue moja na kalamu. Kila kambi tumepata mtoto mmoja wa darasa la saba ambaye atakaa kibarazani kila jioni kuanzia saa kumi na mbili, awaandikie wasioandika. Andika tarehe, mafungu uliyokata au saa ulizofanya, jina la msimamizi, na kama umekatwa au umeumia. Ukikopa dukani, mwenye duka aandike kwake na wewe kwako, na mtie sahihi nyote wawili. Akikataa, usikope pale. Asiyetaka kabisa daftari, singa zipo za kutosha, afunge fundo.

Tuanze leo. Tarehe moja Mei. Nimeona wengine mmefika hapa mikono bado ina maji ya mkonge, maana yake asubuhi mlikata. Leo ni sikukuu ya kitaifa, na kazi ya sikukuu inalipwa mara mbili. Kwa hiyo wewe uliyekata asubuhi, usiandike mafungu peke yake. Andika pembeni yake: sikukuu.